Kaburi Lililofunikwa na Maji ya Bahari

Kijiji cha Torryburn, katika eneo la Fife huko Uskoti, kimekaa ukingoni mwa bahari. Maji yakipwa, matope hufunuka mbali, na humo limelala jiwe kubwa la bapa. Chini yake ndipo alipozikwa Lilias Adie, bibi kizee aliyefia kifungoni mwaka 1704 kwa tuhuma za uchawi.

Mambo yalianza kwa jirani aliyeugua, naye akalitaja jina la Lilias. Sheria ya mwaka 1563 ilikwisha kuufanya uchawi kuwa kosa la kuuawa, na hadi ilipofutwa mwaka 1736, watu wapatao 3,800 walikuwa wametuhumiwa, wengi wao wanawake. Aliyekamatwa hakuulizwa habari zake tu. Alitakiwa awataje na wenziwe. Tuhuma moja ikazaa nyingine.

Mchungaji wa kijiji na wazee wa kanisa walimhoji mara kwa mara, hata akakiri kwamba amefanya mapatano na shetani. Lakini alipoulizwa ni akina nani aliokutana nao usiku, alijibu kwamba walijifunika nyuso kama mabibi wa kitajiri, hakuwatambua. Majina aliyoyatoa yalikuwa yale yaliyokwisha kujulikana. Fikiri, ewe dada msomaji: amekwisha kukiri, nafsi yake haina tena pa kukimbilia, na bado anatafuta udhuru wa kuwanusuru wanawake wa mtaani kwake, ambao yamkini baadhi yao hawakumtetea kwa neno.

Alifariki kabla ya kuhukumiwa. Hakuzikwa makaburini pamoja na watu. Alitiwa katika matope yale ambayo si bara wala si bahari, akalazwa jiwe juu yake, kwa kuwa walihofu asije shetani akamwinua.

Hata huko hakuachwa. Mwaka 1852 kaburi lilifukuliwa na mifupa ikachukuliwa. Fuvu lake lilifika Chuo Kikuu cha St Andrews, likapigwa picha, kisha likapotea. Kwa picha hizo, mwaka 2017 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dundee waliunda upya sura yake. Wala haitishi: ni uso wa bibi wa kawaida, mwenye macho ya upole.

Tarehe 8 Machi 2022, kiongozi wa serikali ya Uskoti, Nicola Sturgeon, aliwaomba radhi rasmi wote walioteswa kwa sheria ile. Miaka mitatu kabla yake, watu wa Fife walikwisha kutoa wito kwamba mifupa ya Lilias itafutwe, apate kuzikwa kwa heshima.