Mkutano wa Wanakemia wa Dawa

Wanakemia wa dawa ni watu wa elimu ambao kazi yao ni kuchunguza vitu vilivyomo ndani ya mimea, udongo na viumbe vingine, ili wapate kutengeneza dawa. Sehemu kubwa ya kazi yao hufanyika katika maabara, yaani chumba chenye chupa, mizani na moto. Lakini iko sehemu moja isiyoweza kufanyika humo, nayo ni kwenda mkutanoni. Wanakemia wa nchi nyingi hukusanyika katika mji mmoja, na kila mmoja hueleza aliyoyafanya. Labda mtauliza: Kwa nini mtu aliyevumbua dawa nzuri asikae kwao na siri yake? Habari ya dawa moja ya malaria itatuonyesha sababu.

Malaria huletwa na vijidudu vidogo sana, ambavyo mbu jike wa aina ya anofelesi huvitia katika mwili wa mtu anapomwuma. Kwa miaka mingi watu walitibiwa kwa kwinini, kisha kwa klorokwini. Lakini baadaye vijidudu vya Asia ya Kusini-Mashariki vilianza kuizoea klorokwini, hata mgonjwa aliimeza asipone. Wakati wa vita vya Vietnam askari wengi waliugua. Basi mwaka 1967 serikali ya China ilianzisha kazi ya siri ya kutafuta dawa mpya, na mwaka 1969 mwanamke mmoja wa Beijing, jina lake Tu Youyou, aliwekwa kuongoza kundi moja la watafutaji.

Yeye na wenzake walisoma vitabu vya kale vya uganga wa China, wakawauliza waganga wazee, wakakusanya maelezo 640 ya dawa. Kisha wakajaribu dawa za mimea mingi kwa panya wenye malaria. Mmea mmoja uitwao qinghao, ulio wa jamii ya pakanga, ulionyesha nguvu mara moja, na mara nyingine usionyeshe. Ndipo Tu Youyou aliposoma tena kitabu cha Ge Hong, mganga aliyeishi zaidi ya miaka 1,600 iliyopita. Huyo hakuagiza mmea huo uchemshwe, bali ulowekwe majini, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Tu Youyou akawaza kwamba huenda moto ndio uliokuwa ukiiharibu dawa. Akatumia etha, ambayo huchemka kwa joto la digrii 35 tu. Mwezi wa Oktoba 1971 dawa ya jaribio la 191 ilivishinda kabisa vijidudu katika panya. Mwaka 1972 yeye na wenzake wawili waliimeza wenyewe kwanza, wapate kujua kama ina madhara, ndipo wagonjwa wakapewa. Mwaka uo huo kundi lake lilipata chembe safi za dawa hiyo, iitwayo artemisini.

Hata hivyo, kwa miaka kadhaa watu wa nchi nyingine hawakuwa na habari zake, ila chache zilizochapishwa tangu mwaka 1977. Dawa ilikuwapo, na wagonjwa wa Afrika walikuwapo, lakini hapakuwa na njia kati yao.

Mwezi wa Oktoba 1981 wataalamu wa malaria wa nchi mbalimbali walikutana Beijing, katika mkutano uliosimamiwa pamoja na Shirika la Afya Duniani. Tu Youyou alialikwa kuwa msemaji wa kwanza, akaeleza kemia ya artemisini. Kila kipande chake kilicho kidogo kabisa kina atomu 15 za kaboni, 22 za hidrojeni na 5 za oksijeni. Haina naitrojeni, ambayo imo katika kwinini na katika klorokwini. Tena oksijeni mbili zimefungamana pamoja, na fungo hilo ndilo nguvu ya dawa. Siku hizi twajua ya kuwa chuma kilichomo ndani ya kijidudu hulivunja fungo hilo, na vipande vyake humdhuru kijidudu mwenyewe.

Mkutanoni haitoshi mtu kusema, "Dawa yangu inaponya." Mwalimu hatosheki na jibu la hesabu peke yake, ataka kuiona njia yake pia. Vivyo hivyo mwanakemia hueleza alivyopima, mara ngapi alijaribu, na wapi alishindwa. Wasikilizaji humwuliza maswali, wala hawamwonei haya mkubwa. Kisha hurudi kwao na kujaribu wenyewe. Kama neno ni la kweli, litaonekana kuwa kweli kila mahali. Tena mmoja ni hodari wa kupima, mwingine wa kuunda, mwingine ana wagonjwa wengi wa kuwaangalia. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Kwa kazi hiyo ya wengi ilijulikana kwamba yafaa artemisini ichanganywe na dawa nyingine, ili vijidudu visipate nafasi ya kuizoea. Zanzibar ilianza kutumia dawa za mchanganyiko mwaka 2003, na Tanzania Bara mwaka 2006. Mwaka 2015 Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel.

Lakini kazi haijaisha. Mwaka 2020 wachunguzi walitangaza kwamba huko Rwanda wameona vijidudu vilivyoanza kuivumilia artemisini. Kijidudu hakijui mpaka wa nchi wala hangoji ruhusa ya kuuvuka. Kwa hiyo wanakemia huendelea kukutana na kufunuliana kazi zao, kwa maana dawa ya baada ya hii bado inatafutwa. Nanyi mkifanya jaribio lolote shuleni, andikeni hatua zote mlizozifuata, hata zile zilizoshindwa, ili mwenzenu apate kuanzia pale mlipoachia.