Ufunguo mmoja, kompyuta na simu zote

Mfanyabiashara wa asali anayeuza nje ya nchi hutuma ankara kwa barua pepe. Mwizi akiipata nywila yake, hana haja ya kuvunja ghala. Hubadilisha namba ya akaunti ya benki kwenye ankara, na fedha za mzigo huenda kwingine.

Kinga mojawapo ni ufunguo wa usalama, kifaa kidogo kama flashi kinachoning'inizwa pamoja na funguo za duka. Mtu akishaandika nywila, huuchomeka kwenye kompyuta na kuugusa kwa kidole. Asiye nao haingii. Aidha, jibu la ufunguo hufungamana na anwani halisi ya tovuti, hivyo tovuti bandia haiambulii kitu. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilieleza kwamba tangu mapema 2017, ilipowataka wafanyakazi wake zaidi ya 85,000 kutumia funguo hizo, hakuna aliyenaswa kwa ulaghai huo katika akaunti za kazi.

Je, ofisi yenye Windows, mhasibu mwenye Linux na simu ya Android zinahitaji funguo tatu? La. Ufunguo unaofuata kanuni za FIDO2 hutumika kote. Windows 10 na 11, pamoja na kompyuta za Apple, huutambua bila kuwekewa programu. Linux mpya nyingi nazo huutambua. Za zamani huenda zikahitaji fundi aongeze ruhusa kwenye mfumo. Simu yenye NFC huguswa tu kwa ufunguo wenye NFC; iPhone zimeukubali tangu toleo la iOS 13.3 la mwaka 2019.

Kabla ya kununua, angalia tundu: USB-A ni pana, USB-C ni jembamba. Simu nyingi za bei nafuu hazina NFC. Namba ya siri ya ufunguo ikikosewa mara nane mfululizo, ufunguo hujifunga, na kuurejesha ni kufuta vyote vilivyomo.

Kwa hiyo nunua mbili, usajili zote, moja ikae kabatini. Kila mmoja ni takriban dola 30 za Marekani kabla ya usafiri na ushuru. Linganisha na thamani ya ankara moja.

Hata hivyo, ufunguo haulindi barua pepe ya mnunuzi. Kila akaunti ya benki inapobadilika, pigianeni simu kwanza.