Usingizi wa Saa Nane Kwenye Semina

Sisi wa Rungwe kahawa tunailima, lakini kwenye semina zetu hapa Nkunga ni nadra kuikuta kikombeni. Huletwa chai, nayo mara nyingine huisha kabla ya kuwafikia waliokaa nyuma. Ifikapo saa nane mchana, vichwa vinaanza kuinama.

Hilo si jambo la kuona aibu. Mwili una saa yake, na mchana hulegea hata kwa mtu ambaye hajala. Sahani iliyojaa wali na ndizi huzidisha uzito huo. Pakua kiasi, usisahau maharagwe na mboga, kunywa maji, kisha tembea nje kwenye mwanga dakika kumi kabla ya kipindi kuanza. Ukizidiwa, simama nyuma ya ukumbi. Lakini aliyelala saa nne tu usiku, hata angepewa birika zima la kahawa, angekuwa ameuficha uchovu tu. Mtu mzima anahitaji kulala saa 7 au zaidi. Dawa nyingine za mafua pia huleta usingizi, basi muulize aliyekupa.

Uko usingizi mwingine usiofaa kufanyiwa mzaha. Mwezi wa Juni na Julai baridi ya huku inapobana, watu huingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Haionekani wala hainuki; kwa hiyo mkaa uliokolea vizuri bila moshi nao ni hatari. Hewa hiyo huingia kwenye damu na kushika nafasi ya oksijeni. Mtu huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia. Akiachwa humo anaweza kufa. Mama mjamzito na mtoto aliye tumboni wamo katika hatari zaidi.

Mkiona watu kadhaa wanaumwa kichwa na kusinzia kwa pamoja, msiwacheke. Fungueni milango, watoeni wote nje, na mgonjwa apelekwe hospitali upesi, hasa aliyezimia au anayeongea ovyo.

Wanaoandaa malazi ya washiriki nao waangalie vyumba vya kulala, maana aliyekwisha kulala hawezi kusikia dalili hizo. Jiko libaki nje, na kila mmoja aambiwe mapema aje na blanketi la pili.