Nani Anayetusimulia? Vitabu Vitano vya Mwaka Mmoja wa Kusoma

Makala haya yanahusu vitabu vitano ambavyo, kati ya kumi na vinne tulivyovisoma mwaka uliopita hapa Biliqo, kaunti ya Isiolo, tumeviona kuwa vya manufaa zaidi kwa mwalimu wa fasihi na kwa mtahiniwa wake. Hakuna hata kimoja kati yavyo kilicho kitabu teule kwa sasa. Tumevichagua kwa kuwa kila kimoja kinajibu kwa namna yake swali ambalo watahiniwa wengi hulipita mbio: ni nani anayetusimulia?

Mwalimu aliyesahihisha insha za fasihi anaijua sentensi inayoanza kwa "mwandishi anasema". Mwandishi ni mtu halisi, mwenye tarehe ya kuzaliwa na mchapishaji. Msimulizi ni sauti aliyoiunda mwandishi huyo ili hadithi ipite humo. Mhusika naye hutenda na kunena ndani ya hadithi, na pengine yeye mwenyewe ndiye msimulizi. Miongozo mingi hutumia maneno haya kana kwamba ni visawe. Tatizo laonekana dogo, lakini mtahiniwa asiyetofautisha sauti hizi hawezi kueleza kejeli ilipo, wala kwa nini tumefichwa jambo hadi sura ya mwisho, wala kuishuku kauli yoyote. Kwake kila lililopigwa chapa ni kweli. Mwongozo nao unampa matukio yaliyokwisha kung'olewa kinywani mwa aliyeyasimulia.

Jambo la kutia moyo ni kwamba wanafunzi wetu tayari wanalijua somo hili nje ya darasa. Mtu akirejea kutoka fora, yaani kambi ya mifugo iliyo mbali na nyumbani, huulizwa habari za malisho, maji na usalama, na wasikilizaji hawachanganyi aliyoyaona na aliyoambiwa njiani. Kazi ya mwalimu ni kuuleta ukali huo wa masikio kwenye riwaya.

Tuanze na Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kutokana na riwaya ya Kiingereza ya Abdulrazak Gurnah ya mwaka 1994. Gurnah, mzaliwa wa Unguja, alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Msimulizi hapa anatumia nafsi ya tatu, na mtahiniwa angekimbilia kuandika kwamba ni msimulizi anayejua yote. La hasha. Macho anayotuazima ni ya Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili mwanzoni mwa hadithi. Yusuf anamhesabu tajiri Aziz kuwa jamaa yao, na anapochukuliwa safari ya garimoshi anadhani amealikwa. Ni Khalil, kijana aliyemtangulia dukani, anayemfungua macho: Aziz si jamaa yake, na yeye Yusuf ni rehani kwa deni la babake. Msomaji hufichwa kwa sababu mtoto amefichwa. Mwalimu akiuliza "tumejuaje?" kila baada ya sura mbili, darasa litaona kwamba mtazamo ni jambo tofauti na nafsi ya usimulizi. Hilo peke yake linatosha kuifanya Peponi istahili safari yake ndefu ya lori kutoka mjini Isiolo.

Ukitaka kumwona msimulizi anayejua yote kwa kweli, kisome Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi (1999), kilichofanywa filamu na Amil Shivji mwaka 2021. Msimulizi huyu anaingia nyumbani mwa Bwana Raza, mume mzee aliyeozwa Yasmin angali kigoli, akahamia Ng'ambo kwa Mwajuma, kisha akamfuata Denge katika harakati zake dhidi ya ukoloni, na hata makachero wanaomwinda anatuonyesha. Taharuki yake inatokana na sisi kujua zaidi ya wahusika. Katika Peponi inatokana na kujua machache. Vitabu hivi viwili visomwe pamoja.

Jina hilo la Shafi linatupeleka kwenye ushairi, ambako balaa la "mshairi anasema" ni kubwa zaidi. Katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) mna shairi liitwalo "Mnazi: Vuta N'kuvute", ambamo Alii na Badi wanagombania mnazi, kila mmoja akitoa hoja zake. Je, mshairi anasema lipi kati ya hayo? Mtahiniwa akilazimishwa kujibu swali hilo ndipo huelewa kwa nini tunahitaji istilahi ya nafsineni. Hapa kuna nafsineni mbili, na mshairi yuko nyuma ya zote bila kuwa yeyote kati yao.

Lakini diwani hiyo hiyo inatuzuia tusiigeuze kanuni hii kuwa sheria ya kukaririwa. Abdilatif alifungwa miaka mitatu, tangu 1969 hadi 1972, kwa sababu ya kijikaratasi chake cha mwaka 1968, Kenya: Twendapi?, na mashairi haya aliyatunga gerezani, akiyaandika kwenye karatasi za chooni. Mwaka 1974 diwani ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta, yaani tuzo yenye jina la rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga. Nafsineni anapolalamikia upweke wa kufungiwa, itakuwa ukaidi kudai kwamba maisha ya mtunzi hayahusiani na sauti hiyo. Tunachomtaka mtahiniwa afanye ni kuonyesha umbali uliopo baina ya sauti mbili, uwe mkubwa au mdogo.

Nagona ya Euphrase Kezilahabi (1990) tunaitaja kwa tahadhari. Ni fupi, haifiki kurasa mia, lakini imemshinda msomaji zaidi ya mmoja mwenye shahada. "Mimi" anayesimulia anasafiri katika ulimwengu usio na ramani, na hatujui kama anaota, ana wazimu au amekufa. Si kitabu cha kidato cha pili. Ni cha mwalimu mwenyewe, hasa yule anayefundisha kwamba nafsi ya kwanza humfanya msomaji aiamini hadithi.

Kitabu tulichokipenda kuliko vyote ni Kufa Kuzikana cha Ken Walibora (2003), mwandishi tuliyempoteza Aprili 2020. Wengi wanamjua kwa Siku Njema na Kidagaa Kimemwozea, na hiki hukirukwa. Nchi yake ni ya kubuni, Kiwachema, na jamii mbili zinazopigana humo pia ni za kubuni. Anayesimulia ni Akida, kijana wa upande mmoja, ambaye rafiki yake wa kufa kuzikana, Tim, ni wa upande wa pili. Riwaya ilitoka miaka minne kabla ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, na wahakiki wameisifu kwa kuona mbele.

Hapa kwetu haihitaji sifa hiyo. Isiolo ni kaunti ya Waborana, Wasamburu, Waturkana, Wasomali na Wameru, na wizi wa mifugo umewatia jamii hizi makaburini kwa zamu. Kuna wanafunzi wetu ambao wanaposoma sura za mauaji hawawazi Kiwachema. Kwa hiyo suala la msimulizi linaacha kuwa la alama mbili mtihanini. Akida ni mwema, tunampenda, na bado anatupa upande wake. Hata anapomhurumia Tim, huruma hiyo inapita katika ulimi wa Akida. Mwanafunzi akishaliona hilo kwa kijana mwema wa kubuni, ataweza kuliona pia katika habari anazozisikia nyumbani juu ya majirani, na pengine katika zile anazozisimulia mwenyewe.

Zoezi tulilolitumia ni jepesi, na mwalimu mwenzangu anaweza kulijaribu hata akiwa na nakala moja tu ya kumsomea darasa. Chagua tukio moja la Akida, kisha waambie wanafunzi walisimulie upya kwa nafsi ya kwanza ya Tim, wakiweka tu yale ambayo Tim angeweza kuyaona au kuyasikia. Wengi waliandika hadithi ile ile wakibadilisha majina. Msichana mmoja wa kidato cha tatu aliandika mistari sita, akaacha nusu ukurasa mtupu, na chini akaandika: "Tim hakuwapo. Lazima amuulize mtu." Tulimuuliza atamuuliza nani, darasa likabishana hadi kengele ikalia.