Kutua kwa kishindo: Kwa nini pigo la pili ndilo huivunja ndege ndogo

Wakazi wa Gataka na Kitengela, Kaunti ya Kajiado, wamezoea mngurumo wa ndege ndogo zitokazo Uwanja wa Wilson, Nairobi. Habari ikija kwamba mojawapo imetua kwa kishindo na waliokuwemo wametoka salama, wengi hudhani mambo yamekwisha. Aghalabu hayajaisha.

Kabla ya kugusa ardhi, rubani hutakiwa kuinua pua ya ndege kidogo ili kasi ya kushuka ipungue. Akichelewa, magurudumu hupokea uzito wote kwa ghafla; akiwahi mno, ndege huelea, ikaishiwa na mwendo, kisha ikadondoka.

Hata hivyo, pigo hilo la kwanza mara nyingi si baya. Hatari hasa ni kudunda. Ndege inaporuka tena, rubani aliyeshtuka huisukuma pua chini, na gurudumu la mbele, ambalo ndilo dhaifu, likatangulia kugusa. Ikidunda mara ya pili au ya tatu, gurudumu hilo huvunjika, na rafadha ikachimba udongo. Marubani hufunzwa kuongeza nguvu ya injini, kupaa na kuzunguka ili kujaribu upya; jambo jepesi kulisema, zito kulitenda mbele ya abiria.

Nyanda hizi zina mtego wake. Wilson uko takriban mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na alasiri yenye joto la nyuzi 26 ndege huwa kana kwamba iko karibu mita 2,500. Kipima mwendo huonyesha tarakimu ileile ya Malindi, ilhali magurudumu hugusa ardhi kwa kasi iliyozidi kwa takriban asilimia 10. Injini nayo hupungukiwa na nguvu, hivyo kupaa upya huchukua muda zaidi.

Kuna madhara yasiyoonekana pia. Katika ndege kama Cessna 172, pigo la gurudumu la mbele huweza kuukunja ukuta wa bati unaotenganisha injini na chumba cha rubani. Kwa nje ndege huonekana nzima. Rubani asipoandika tukio hilo katika daftari la ndege, fundi hatalifungua bati hilo, na atakayeirusha kesho yake, pengine mwanafunzi, hatajua chochote.

Uharibifu ukiwa mkubwa, jukumu huwa la Idara ya Uchunguzi wa Ajali za Ndege, iliyo chini ya wizara inayohusika na uchukuzi. Kwa kanuni za kimataifa, uchunguzi wake hulenga kuzuia ajali nyingine, wala si kumtafutia mtu lawama.