Maradhi ya Moyo Yanavyofilisi Kaya

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwahimiza wananchi kupambana na malaria, kichocho, safura, kuhara na kifua kikuu. Maadui hao bado wapo, lakini yupo mwingine asiyeletwa na mbu wala maji machafu: maradhi ya moyo na mishipa ya damu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2019 yaliua watu milioni 17.9 duniani, na zaidi ya robo tatu ya vifo hivyo vilikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Tufanye hesabu ya nyumbani. Mkulima wa Chamwino au Bahi ana msimu mmoja tu wa mvua. Akiangushwa na kiharusi Januari, wakati wa palizi, mtama na alizeti humezwa na magugu, na hakuna mvua ya pili ya kufidia. Mke humuuguza, kwa hiyo shamba limekosa watu wawili, si mmoja. Ng'ombe huuzwa kupata nauli na dawa. Akiwa ni ng'ombe wa plau, mwaka unaofuata kaya inarudi kwenye jembe la mkono, na mtoto anatolewa shule akachunge mbuzi waliobaki. Mtu akifa na miaka 45, mazao ya miaka 20 aliyokuwa bado kuyalima hayaandikwi katika daftari lolote.

Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mtu hulima vizuri hadi siku anayoanguka. Ikipimwa siku mbili tofauti ikawa 140 kwa 90 au zaidi, hiyo ni ya juu. Dawa hunywewa kila siku, hata ukijisikia mzima. Wengi huziacha wakipata nafuu, na hapo ndipo balaa huanzia. Chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku. Magadi ya kwenye mlenda nayo yapunguzwe.

Tusisahau watoto. Mafindofindo yasiyotibiwa huweza kuleta homa ya baridi yabisi, ambayo huharibu vali za moyo. Penisilini ya zahanati ni nafuu kuliko safari ya kupasuliwa katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam.

Kijiji kinaweza kumwomba mganga wa zahanati alete kipimo cha presha siku ya mnada. Wanaume hawakosi mnadani. Zahanati ndiyo wanayoikwepa.