Msomee Nyanya Kabla Hajaweka Kidole

Mwaka huu sina shairi wala kitendawili. Nina jambo lililotokea kwetu Dandora, pamoja na sheria nilizolazimika kuzijua kwa sababu yake. Nimeandika kwa kuwa wengi wetu hapa Eastlands tunaishi na nyanya au babu, na ndio wanaowindwa.

Jumamosi moja mjomba alikuja na karatasi tatu na kidau cha wino. Akamwambia nyanya, "Mama, hizi ni za maji. Weka kidole hapa, na hapa." Nyanya hakusoma, na mjomba ni mwanawe wa kumzaa. Tayari alikuwa amenyoosha mkono. Mimi nilikuwa nikimimina chai, macho yangu yakaangukia maandishi. Maji wapi! Ulikuwa mkataba wa kuuza ploti.

"Mjomba, samahani," nikasema. "Nyanya, hebu ngoja kidogo. Hii ni ya kuuza nyumba."

Mjomba akanikemea. "Wewe mtoto, nani amekuuliza? Hiyo nyumba ni urithi wangu!" Nilitetemeka hadi chai ikamwagika. Nyanya akaurudisha mkono wake polepole, akauficha ndani ya leso. Hakusema neno siku nzima.

Ploti hiyo si kitu kidogo. Mradi wa Dandora ulianza mwaka 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na ploti kama 6,000 zikagawiwa watu wa mapato ya chini. Ulipewa choo, bafu na mfereji. Vyumba ulijijengea mwenyewe. Nyanya alijenga chumba kimoja kimoja kwa pesa za kuuza sukuma wiki. Sasa ana miaka 76, na kodi ya vyumba hivyo ndiyo inayomlisha.

Je, sheria inasema nini?

Kwanza, Katiba ya mwaka 2010. Inamhesabu mtu kuwa mzee akifika miaka 60. Kifungu cha 57 kinaitaka serikali ihakikishe kwamba wazee wanashiriki katika mambo ya jamii, wanajiendeleza, wanaishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na wanapata matunzo kutoka kwa jamaa zao na serikali. Mwenzangu, angalia vizuri: jamaa wametajwa hapo pamoja na serikali. Jamaa ni mimi na wewe.

Pili, sheria ya kuwakinga watu na dhuluma za nyumbani, ya mwaka 2015. Wengi hudhani ni ya mume na mke tu. La! Inamgusa jamaa yeyote. Dhuluma si kipigo peke yake. Kuna kutisha, kutukana, kuharibu mali, na dhuluma ya kiuchumi pia. Kijana anayekusanya kodi ya mamake na kumwacha alale njaa anaweza kushtakiwa kwa sheria hii. Mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi ya kumzuia, na akiivunja amri hiyo anakuwa ametenda kosa.

Tatu, sheria ya jinai, yaani Sura ya 63. Kujipatia mali ya mtu kwa uongo ni kosa, na kifungo chake hufika miaka 3. Sheria haiulizi kama aliyedanganywa ni mama yako.

Nne, na hapa ndipo penye hatari kubwa, ni mambo ya ardhi. Mkataba wa kuuza ardhi lazima uwe wa maandishi, utiwe sahihi, na pawe na shahidi. Lakini Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012 inaihesabu alama ya kidole kuwa sawa na sahihi: ni ushahidi kwamba mwenyewe amekubali. Ni kweli mahakama inaweza kuufuta mkataba au hati iliyopatikana kwa ulaghai. Lakini ni nani atakayethibitisha ulaghai huo? Ni mzee mwenyewe, na kesi za ardhi huchukua miaka. Mzee wa miaka 76 ataitoa wapi miaka hiyo? Heri kuzuia wino kuliko kuufuta.

Tano, urithi. Mjomba alisema nyumba ni urithi wake. Kumbe mali aliyoichuma nyanya ni yake hadi siku atakapofariki; hakuna anayerithi kwa mtu aliye hai. Tena Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, inasema wasia uliopatikana kwa kulazimishwa au kwa ulaghai ni batili. Wasia wa maandishi unahitaji mashahidi wawili.

Aidha, kuna wezi wa simu. Wazee wa miaka 70 na zaidi walianza kulipwa shilingi 2,000 kwa mwezi chini ya mpango wa Inua Jamii mwaka 2018. Mwizi akisikia hivyo, anapiga simu: "Shosho, nimekutumia pesa kimakosa, nirudishie," au anaomba namba ya siri ili ati "akusajili". Sheria ya makosa ya kompyuta ya mwaka 2018 inaadhibu ulaghai wa namna hiyo na kujifanya mtu mwingine.

Basi, mtauliza, kama sheria ni nyingi hivi, kwa nini wazee hawashtaki? Nilimuuliza nyanya. Akaniangalia, akasema, "Nikimpeleka mwanangu korti, nani atanizika?" Sikuwa na jibu. Hapo ndipo nilipojua kwamba si sheria iliyokosekana. Nyanya aliogopa kubaki peke yake.

Hatukwenda polisi. Mama aliita jamaa wote, na mzee wa mtaa akawa shahidi. Zile karatasi zilichanwa mbele ya kila mtu. Barua ya ploti sasa haikai tena chini ya godoro, na tumekubaliana kwamba nyanya haweki kidole bila watu wawili kumsomea. Mjomba hajakanyaga kwetu tangu siku hiyo. Kila Jumapili nyanya humwekea sahani yake, kisha jioni huifunika.

Wenzangu, nawaomba mambo manne. Msomee mzee kila karatasi, kwa lugha anayoielewa. Namba ya siri isimwambie mtu, hata wewe. Ukiona ploti inanyemelewa, mwenyewe anaweza kuomba zuio liandikwe kwenye rejista ya ardhi. Na mambo yakizidi, ripoti kituoni mpewe namba ya OB, au tafuteni wakili wa bure: ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016, na shirika la Kituo Cha Sheria limewasaidia maskini tangu mwaka 1973.

Walimu wetu hutuambia elimu ni mwangaza. Mimi nimeuona ukitosha kurasa tatu tu. Ukifika nyumbani leo, hebu muulize nyanya: "Kuna karatasi yoyote nikusomee?"